Ukitoka kwenye kesi za wakimbizi kwenda darasani: namna ya kufundisha sheria ya uhamiaji na haki za binadamu

Wakili anayetoka kwenye kesi za uhamiaji kwenda kufundisha hubeba vitu viwili: visa vya kusimulia na mazoea. Visa anavikumbuka vyote. Mazoea hayaoni tena, kwa sababu yameshaingia mwilini: ana mpangilio wake wa kusoma barua ya kukataliwa, anauliza habari za safari kabla ya kuuliza habari za kipigo, anajua karatasi ipi asiiambatishe. Wanafunzi watavipenda visa vyako na watakusifu kwa hivyo. Lakini siku watakapokaa peke yao mbele ya mtu anayeomba hifadhi, watakachokihitaji ni yale mazoea. Kazi yako darasani ni kuyatoa mwilini na kuyaweka mezani, mtu mwingine ayashike.

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikiandaa maombi ya hifadhi, nikiwasikiliza watu katika mahabusu za uhamiaji, na nikikimbizana na muda wa rufaa. Sasa nafundisha. Naandika kwa ajili ya mwenzangu aliyepewa somo moja la muhula ujao na anajiuliza aanzie wapi.

Kabla ya muhula

Usianze na mtaala. Chukua kesi moja ya zamani unayoikumbuka vizuri, kaa nayo peke yako, na uandike kila uamuzi ulioufanya na sababu yake. Kwa nini uliomba kuahirishwa? Kwa nini ile picha hukuipeleka? Kwa nini ulimtuma mteja kwa daktari kabla ya kuandika hati ya kiapo na si baada yake? Utashangaa ni maamuzi mangapi uliyafanya bila kujua kwamba unaamua.

Mfano ni kusoma barua ya kukataliwa. Mwanafunzi huanza mstari wa kwanza na kushuka taratibu, na akifika mwisho ameshakubaliana na aliyeiandika, kwa sababu barua hizo huandikwa na watu wanaojua kupanga hoja. Mtu wa kazi huanza na tarehe: barua ilitolewa lini, mteja aliipokea lini, siku za kukata rufaa zimebaki ngapi. Kisha huenda kwenye aya zinazozungumzia iwapo mwombaji anaaminika, maana maombi mengi huangukia hapo. Kisha huangalia ripoti za hali ya nchi zilizotajwa, ni za mwaka gani, na zimenukuliwa nzima au zimekatwa katikati. Baada ya hapo ndipo anarudi juu na kusoma yote. Somo hilo huchukua kipindi kimoja, na wanafunzi hulikumbuka kuliko mihadhara mitatu ya historia ya sheria. Wape barua, waambie wasome kwa dakika kumi, kisha waulize siku ya mwisho ya rufaa ni ipi. Wengi watakuwa hawajaitazama tarehe.

Chuo chenyewe kitakuuliza shahada, machapisho na muhtasari wa somo. Hayo yana taratibu zake, na kila chuo kina masharti yake. Ninachosisitiza ni hiki: ukipewa nafasi ya kuanza na somo moja kwa muda badala ya ajira kamili, ikubali. Utapata muhula mzima wa kujifunza kufundisha ukiwa bado na kesi mkononi.

Jenga jalada la kubuni, usiibe la mteja

Hapa sina msamaha. Siri ya mteja haiishi kesi inapoisha, na kumbadilisha jina hakutoshi. Watu hutambulika kwa mkusanyiko wa mambo: mji anaotoka, mwaka aliokamatwa, kovu, chama alichokuwamo, idadi ya watoto. Darasani anaweza kuwapo binamu yake. Notsi zako zitapigwa picha na kusambazwa kabla hujafika nyumbani. Na hata asipojulikana kamwe, yule mtu alikusimulia ili umtetee. Hakukusimulia ili uwe mfano mzuri wa wiki ya nne.

Kwa hiyo anza na swali la sheria unalotaka liwasumbue wanafunzi, kisha ubuni mambo yatakayolizaa swali hilo. Nchi iwe ya kweli, ili wanafunzi watafute ripoti za kweli na kuzipima. Mtu awe wa kubuni kabisa.

Jalada langu ninalolipenda ni la mwalimu wa shule ya msingi kutoka Ethiopia. Lina fomu ya usajili, kumbukumbu za mahojiano mawili, barua ya daktari, kadi ya chama yenye picha iliyofifia, na barua ya kukataliwa. Kwenye fomu ameandika kwamba alikamatwa mwezi wa sita mwaka 2006. Kwenye mahojiano ya pili amesema Februari 2014. Barua ya kukataliwa inasema mwombaji ametofautiana na nafsi yake kwa karibu miaka minane kuhusu tukio lenyewe analodai kulikimbia, kwa hiyo haaminiki.

Kila muhula wanafunzi hodari hukimbilia kiwewe. Wanaandika kurasa mbili juu ya kumbukumbu ya mtu aliyeteswa, kwa maneno mazito, na maneno hayo ni ya kweli. Wachache hutulia na kuuliza: alikuwa anahesabu kwa kalenda ipi? Kalenda ya Ethiopia ina miezi 13, iko nyuma ya kalenda hii tuliyoizoea kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, na mwaka wake huanza Septemba. Mwezi wake wa sita, Yekatit, huanza mapema Februari. Mwezi wa sita wa 2006 ndio huo huo Februari 2014. Mwombaji hakujipinga hata kidogo. Aliyejaza fomu aliandika alichosikia na hakuuliza zaidi.

Nataka wanafunzi waione ile hatua: kwanza tafuta maelezo mepesi yanayoweza kuthibitishwa kwa karatasi, kisha ndipo uende kwenye saikolojia. Na mkishafika huko, nendeni na kitu mkononi. Upo utafiti uliochapishwa 2002 uliowahoji wakimbizi kutoka Kosovo na Bosnia zaidi ya mara moja juu ya tukio lile lile. Masimulizi yalitofautiana kati ya mahojiano na mahojiano, tena zaidi kwenye mambo ya pembeni kuliko kwenye kiini cha tukio. Watu hao walikuwa tayari wamepewa ruhusa ya kubaki. Hawakuwa na sababu ya kudanganya. Utafiti kama huo ukiambatishwa kwenye rufaa unafanya kazi ambayo maneno ya huruma peke yake hayawezi.

Jambo la mwisho juu ya jalada: usiligawe lote siku ya kwanza. Toa fomu wiki ya kwanza, mahojiano wiki ya tatu, barua ya daktari ije imechelewa, ikiwa na jambo linalovuruga hoja waliyokwisha kuijenga. Ndivyo karatasi zinavyofika katika maisha. Mwanafunzi aliyezoea kupewa mambo yote katika aya moja ya swali la mtihani anahitaji kujifunza kuandika akijua kwamba kesho huenda akalazimika kubadilisha.

Sentensi moja, vipindi viwili

Ukifika kwenye sheria yenyewe, pungua mwendo. Ibara ya 1A(2) ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ni sentensi moja ndefu, nami huipa vipindi viwili vizima. Tunaikata vipande: kuwa nje ya nchi yako, hofu, hofu yenye msingi, kuteswa, kwa sababu ya asili au rangi, dini, utaifa, kuwa wa kundi fulani la kijamii, au maoni ya kisiasa, kutoweza au kutotaka ulinzi wa nchi yako. Kila kipande tunakibana kwenye jalada la mwalimu. Hofu yake iko ukurasa gani? Msingi wake uko ukurasa gani? Mwanafunzi akisema "ni wazi kwamba anaogopa", mwambie aoneshe mstari.

Kwenye "yenye msingi" ndipo wasiozoea huteleza, kwa sababu wanaleta kiwango cha kesi za madai: kwamba jambo liwe na uwezekano zaidi ya nusu. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Cardoza-Fonseca ya 1987, ilikataa kipimo hicho na kueleza kwamba hata uwezekano wa asilimia 10 wa kuuawa au kuteswa unaweza kuifanya hofu kuwa na msingi. Waachie namba hiyo mezani. Waulize kama wangepanda ndege yenye uwezekano huo wa kuanguka. Mjadala utakwenda wenyewe. Kisha waoneshe Kitabu cha Mwongozo cha UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, cha 1979, aya ya 196, kinachosema kwamba mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwombaji lakini kazi ya kutafuta na kupima ukweli ni ya wote wawili, mwombaji na anayemhoji. Aya hiyo moja imeokoa rufaa nyingi.

Kisha pitisha jalada jingine chini ya sheria mbili. Nina la mama aliyekimbia mapigano mjini kwao. Hakuna aliyemlenga yeye, hana chama, na dini yake ni ya walio wengi. Chini ya Mkataba wa 1951 anapata shida: yuko wapi anayemtesa, na kwa sababu ipi kati ya zile tano? Sasa chukua Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotiwa saini Addis Ababa Septemba 1969 na kuanza kutumika 1974. Ibara yake ya I(2) inamtambua pia mtu aliyelazimika kuhama kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, ukaliaji, utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya amani na utulivu katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Mama yule yule, karatasi zile zile, sasa ni mkimbizi. Azimio la Cartagena la 1984 huko Amerika ya Kusini na ya Kati lilifuata njia inayofanana. Mwanafunzi akiliona hilo kwa jalada lililoko mkononi mwake, haambiwi tena kwamba chaguo la sheria ni muhimu.

Haki za binadamu ziingie kwenye kesi, zisibaki kwenye mhadhara wa kwanza

Masomo mengi huweka haki za binadamu mwanzoni, wiki mbili za Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 na mikataba ya 1966, kisha huingia kwenye viza na vibali na kuzisahau. Mimi huzifundisha pale zinapofanya kazi, yaani pale sheria ya wakimbizi inapoishiwa nguvu.

Mahali pazuri ni kanuni ya kutomrejesha mtu kwenye hatari. Ibara ya 33 ya Mkataba wa 1951 inakataza, lakini kifungu chake cha pili kina mlango: aliye hatari kwa usalama wa nchi hawezi kudai kinga hiyo. Sasa weka pembeni yake Ibara ya 3 ya Mkataba wa Kupinga Utesaji wa 1984. Haina mlango. Katika kesi ya Soering ya 1989, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema Uingereza haiwezi kumpeleka mtu Marekani kungojea adhabu ya kifo katika mazingira yaliyokuwako kule Virginia. Katika kesi ya Chahal ya 1996 ikasema hata madai ya usalama wa taifa hayaruhusu kumrudisha mtu mahali ambako kuna hatari ya kweli ya kuteswa. Waulize wanafunzi: mteja wenu ana kosa zito na serikali inasema ni hatari. Mnaandika ombi chini ya ibara ipi, na ipi mnaitaja ya pili? Hapo wanajua kwa nini wanasoma masomo mawili kama moja.

Kesi zilizoamuliwa nazo zifundishwe kama majalada. Nawapa mambo ya kesi kwanza, bila jina la mahakama wala matokeo. Ya Anudo Ochieng Anudo ndiyo inayowashika zaidi. Mtu anakwenda polisi mwaka 2012 kwa shughuli za ndoa yake. Uraia wake unatiliwa shaka, pasi yake inachukuliwa, na mwaka 2014 anafukuzwa Tanzania kwenda Kenya. Kenya nayo inamwona yuko kinyume cha sheria na kumrudisha. Tanzania haimpokei. Anabaki mpakani, katika kipande cha ardhi kati ya nchi mbili. Nawauliza: mnaanzia wapi? Mnamshtaki nani? Nani athibitishe nini? Wengi husema yeye ndiye athibitishe kwamba ni raia. Ndipo tunafungua hukumu ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ya tarehe 22 Machi 2018: kwa kuwa alikuwa na hati zilizotolewa na serikali yenyewe, mzigo wa kuthibitisha kwamba si raia ulikuwa wa serikali. Mahakama iliona kwamba alinyang'anywa uraia na kufukuzwa kiholela, na ilipofika kwenye uraia ilitegemea Ibara ya 15(2) ya Azimio la 1948, ambalo wanafunzi walikuwa wameshalizika kama maneno ya kupamba kuta.

Kwa sababu ya kesi hiyo mimi huanza somo zima la uhamiaji kwa uraia, si kwa viza. Kabla ya kuuliza kama mgeni ana kibali, hakikisha kwanza kwamba ni mgeni.

Kesi ya Diallo hufuata. Mfanyabiashara wa Guinea aliyeishi Kongo (Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya leo) miaka mingi, akakamatwa na kufukuzwa 1996. Mwaka 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliona kwamba Kongo ilikiuka Ibara ya 13 ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa na Ibara ya 12(4) ya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na kwamba hakuelezwa haki yake ya kuwasiliana na ubalozi wake. Mwaka 2012 fidia ikapangwa, dola 95,000. Hesabuni miaka. Usiwafiche wanafunzi urefu wa kesi hizi. Watakuwa na wateja watakaouliza.

Na kesi ya Hirsi Jamaa ya 2012 katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Wasomali na Waeritrea waliokamatwa baharini 2009 na meli za Italia na kurudishwa Tripoli bila kuulizwa lolote. Hiyo naifundisha kwa ramani. Wapo kwenye bahari kuu, si kwenye ardhi ya mtu, na mahakama bado inasema walikuwa chini ya mamlaka ya Italia.

Zoezi la Ijumaa jioni

Kuna jambo la kazi hii ambalo vitabu haviwezi kulitoa: muda mfupi. Kwa hiyo katikati ya muhula, bila kuwaambia kabla, naingia na karatasi moja. Amri ya kumwondoa mtu nchini imetolewa leo, ndege ni usiku, mna saa mbili.

Ninaowaangalia si wanaoandika haraka. Naangalia nani anauliza maswali kwa mpangilio. Yuko wapi sasa hivi, na nani ana ufunguo? Ndege ipi? Mahakama ipi ina uwezo wa kutoa zuio la muda leo hii, na karani wake anapatikana vipi baada ya saa za kazi? Je, njia za ndani zikifungwa, kuna chombo cha nje? Hapo ndipo Ibara ya 27(2) ya Itifaki ya Mahakama ya Afrika, inayoruhusu hatua za muda pale panapokuwa na dharura na madhara yasiyorekebishika, inaacha kuwa mstari wa kukariri. Kisha hati ya kiapo: kurasa mbili, si kumi. Jaji anayesoma usiku anataka kujua hatari ni ipi, ushahidi uko wapi, na kwa nini ombi halikuja mapema.

Swali hilo la mwisho wanalisahau karibu wote. Lifundishe.

Mahojiano

Tafuta mwenzako mtu mzima, asiyejulikana na wanafunzi, acheze mteja. Usimpe maneno ya kukariri. Mpe historia na masharti. Ajibu alichoulizwa tu. Akiulizwa "kwa nini" mara mbili mfululizo, anyamaze. Mambo ya aibu asiyaseme mpaka aulizwe kwa utulivu na kwa mambo madogo madogo.

Tazama kinachotokea. Mwanafunzi anauliza, "Uliteswa?" Mteja anajibu, "Hapana." Mwanafunzi anaandika hapana na kusonga mbele. Mwingine anauliza, "Walipokuingiza ndani, nini kilifuata?" Mteja anasema walimvua viatu. Halafu? Walimlaza. Halafu? Wakampiga kwenye nyayo kwa waya. Yeye kwake huko ni kupigwa tu. Kuteswa ni kule walikofanyiwa wale waliokufa. Mwanafunzi wa tatu anauliza kwa sauti ya kulaumu, "Kwa nini hukwenda kuripoti polisi?" na mteja anamtazama kwa muda, kisha anasema, "Waliokuja walikuwa polisi."

Baada ya hapo usitoe hotuba. Soma maswali yao kwa sauti, moja moja, na waache wayapange upya wao wenyewe: maswali ya wazi kwanza, mfuatano wa mambo, kisha tarehe mwishoni. Wafundishe kueleza mwanzoni kwa nini wanauliza na nani atayaona majibu. Wafundishe kumaliza kwa jambo la kawaida, ili mtu asitoke chumbani akiwa bado yuko kwenye ile seli. Kwa majeraha, waoneshe Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa 1999 uliofanyiwa marekebisho 2022, na lugha yake ya kupima kama kovu linaendana na maelezo. Daktari anayeandika "ana makovu mengi" hajakusaidia. Anayeandika kwamba kovu hili ni la kawaida kwa aina ya kipigo kilichoelezwa amekusaidia sana, na wakili ndiye anayepaswa kujua kumwomba hivyo.

Kuhusu mkalimani, fanya zoezi naye kweli, hata kama darasa zima linaelewana kwa lugha moja. Mwanafunzi amtazame mteja, si mkalimani. Sentensi ziwe fupi. Mkalimani aseme "mimi nilikamatwa", asiseme "anasema alikamatwa". Kabla ya kuanza, mteja aulizwe faraghani kama wanaelewana na kama anamwogopa mtu huyo. Mtoto wa mteja asifanywe mkalimani, hata mara moja, hata kwa dharura ndogo.

Kiti cha upande wa pili

Utatoka kazini ukiwa na upande, na ni haki yako. Darasani, wanafunzi wote waandike angalau uamuzi mmoja wakiwa ofisa anayeamua ombi. Nchi ina haki ya kudhibiti nani anaingia. Sheria ya haki za binadamu ni mipaka ya haki hiyo, na asiyeijua haki yenyewe hawezi kuitetea mipaka yake. Baadhi ya wanafunzi wako watakuwa maofisa uhamiaji. Hao naona ndio muhimu kuliko wote. Ofisa mmoja anayejua kuuliza habari za kalenda ataokoa watu wengi kuliko wakili mmoja wa rufaa.

Wape pia jalada la Ibara ya 1F ya Mkataba wa 1951: mwombaji mwenye hofu ya kweli kabisa, anayesakwa kwao, ambaye kwenye ukurasa wa saba wa mahojiano anataja kwamba aliongoza kikosi kilichochoma kijiji. Usiwasaidie. Wacha wabishane kuhusu kama anatengwa na ulinzi wa mkataba, kisha wabishane tena kama bado anaweza kurudishwa kwenye utesaji. Majibu ya maswali hayo mawili hayalingani, na huo ndio ugumu wa somo letu.

Watu walioko chumbani

Chukulia siku zote kwamba yupo mwanafunzi aliyewahi kuwa mkimbizi, au ambaye mzazi wake alifukuzwa nchini, au ambaye hati zake mwenyewe zina utata. Usimuulize. Usimgeukie wakati wa mjadala ukitarajia ushahidi. Akitaka kusema atasema, na akisema usimfanye mfano kwa wiki zilizobaki. Nyenzo zenye ukatili zitangaze wiki moja kabla, eleza ni za nini, na toa njia nyingine ya kutimiza zoezi bila mtu kulazimika kueleza sababu. Mimi huacha picha za majeraha kabisa. Maelezo ya daktari yanatosha kufundishia sheria.

Chuo kikikuruhusu kufungua kliniki ya sheria yenye wateja wa kweli, anza na aina moja ya kazi, kwa mfano hati za kiapo za rufaa au maombi ya kuungana na familia. Wanafunzi wafanye kazi wawili wawili, kila barua iwe na saini ya wakili msimamizi, na kabla ya kupokea mteja wa kwanza andika nani atabaki na majalada wakati wa likizo. Mahakama haina muhula. Kliniki isiyojibu simu mwezi wa likizo inaweza kumponza mtu, na ni afadhali kupokea kesi chache kuliko kuahidi usichoweza kukibeba. Kila wiki kaa na kila jozi ya wanafunzi na uulize mambo mawili: kesi imefika wapi, na ninyi mmelalaje. La pili si la adabu tu. Mwanafunzi anayeota ndoto za mteja apunguziwe kazi mapema.

Mtihani

Usiulize "jadili kanuni ya kutorejesha". Utapata ulichofundisha, kimerudi kwa mwandiko mwingine. Mimi hutoa jalada jipya la kurasa kumi na mbili saa 24 kabla, vitabu vyote vikiruhusiwa, na naomba vitu viwili: hoja za rufaa zisizozidi kurasa nne, na barua ya ukurasa mmoja kwa mteja inayomweleza yuko katika hali gani.

Ile barua naipa alama 30 kati ya 100, na wanafunzi hulalamika kila mwaka kwamba ni nyingi. Naangalia kama imetaja tarehe ya mwisho katika mstari wa mwanzo, kama imesema wazi nini kinaweza kushindikana, kama imemwambia afanye nini akikamatwa kabla ya rufaa kusikilizwa, na kama mtu aliyesoma hadi shule ya msingi anaweza kuielewa bila kuita jirani. Mwanafunzi aliyetaja kesi tisa kwenye hoja lakini akamwandikia mteja kwa lugha ya hukumu hapati alama za juu kwangu. Nao hulijua hilo tangu wiki ya kwanza, kwa sababu vigezo vya kusahihishia nawapa siku ile ile ninayowapa fomu ya usajili ya yule mwalimu.